Mwezi Chini ya Beseni

Jumatatu asubuhi mama Berthe alikuwa anakamua ndizi katika kihori cha mbao, nyuma ya nyumba yake, mtaa wa Furu, Butembo. Alikuwa anatengeneza kasikisi, bia ya ndizi, kwa ajili ya wageni wa shemeji yake Salomon. Kichwani alikuwa amefunga fulari kubwa, na majani ya kukamulia yalikuwa yamemganda mpaka kwenye viwiko. Binti yake Kanyere akatoka mlangoni na sare ya shule, begi mkononi, na juu ya kichwa chake ulikuwa unaelea mwezi. Ulikuwa mwezi mdogo, wa mviringo kama chungwa, na ulitoa mwanga ingawa jua lilikuwa limekwisha kuchomoza.

"Rudi ndani!" Berthe alisema. "Unataka kasikisi ya baba yako mudogo iharibike?"

"Mama, kamyo ya Beni iko nanguruma pale barabarani."

"Donc pita mulango ya mbele. Na ukamate beseni."

Kanyere alichukua beseni. Lakini mlango wa mbele ulikuwa na wageni, kwa hiyo alipita palepale, kando ya kihori, na mwezi wake ukajiona katika maji ya ndizi kwa muda mfupi.

Miezi hiyo ilianza kuonekana katika mwaka wa pili wa vita. Mwanamke akiingia katika siku zake, zile siku ambazo huku kwetu watu husema tu "yuko mwezini" ili mdomo usitaje damu, mwezi ulikuja juu ya kichwa chake na kumfuata mpaka damu ikatike. Neno lilikuwa limetumwa kuficha kwa miaka mingi. Sasa lilikuwa limechoka, likatoka lenyewe. Hakuna aliyeshangaa. Watu wa Butembo walikuwa wameona majeshi ya nchi mbalimbali yakipita katika barabara ileile ya vumbi, kila moja likisema limekuja kuwakomboa, na kila moja likiondoka na mbuzi. Mwezi juu ya kichwa cha msichana ulikuwa jambo dogo. Asiyekumbuka akumbushwe.

Kilichowasumbua watu ni kwamba ulionekana. Soko zima lilijua kwamba muuza maharagwe yule ana damu leo. Mkwe alijua habari za mama mkwe. Wanaume walisema heshima imeingia hatarini, wakimaanisha heshima yao, kwa sababu heshima ya wanawake haikuwa imeulizwa. Basi wafanyabiashara wa Butembo, ambao hakuna vita iliyowahi kuwazuia kuleta kitu, wakaleta mabeseni ya chuma yaliyopakwa rangi ya maua, mazito, yenye kina. Mwanamke alivaa beseni kichwani likiangalia chini, na mwezi ukakaa ndani. Ukimwona, ulijua kila kitu, lakini ulikuwa na ruhusa ya kujifanya hujui. Huo ndio ulioitwa ustaarabu. Shingo zilizouma hazikuwa habari ya mtu.

Kanyere alikuwa anakwenda Beni kuandika mtihani wa serikali, ule wa kumaliza shule ya sekondari. Ulikuwa unaanza kesho yake. Salomon, baba yake mdogo, aliyemlea tangu baba yake afe, alikuwa amesema wazi mezani: "Diplome ao bwana." Bwana alikuwa amekwisha kupatikana, mjane mmoja wa Kalunguta mwenye ng'ombe na meno machache. Kanyere akikosa mtihani, mbuzi wa kwanza wa mahari wangefika mwisho wa juma. Kanyere hakuwa na ubaya na ng'ombe. Alitaka kuwa mwalimu.

Dereva wa kamyo aliitwa Ésaïe. Alimwona na beseni lake, akatikisa kidole.

"Weye mutoto, mu kabini hapana. Moteri hii iko muzee, haipendi mambo ya banamuke."

"Moteri ndiyo ilikuambia?"

"Panda nyuma, ku vitunguu. Na ukae kimya."

Kanyere alipanda nyuma juu ya magunia ya vitunguu, beseni kichwani, na kamyo ikaondoka. Kufika karibu na Kalunguta walikuta kamba imefungwa kutoka mti hadi mti. Walikuwa wapiganaji wa msituni, vijana waliojipaka dawa na kunyunyiziwa maji ili risasi za adui zigeuke maji pia. Dawa hiyo ilikuwa na masharti mengi, na kubwa kuliko yote lilikuwa hili: wasikaribiane na mwanamke mwenye damu. Kijana aliyepigwa risasi mbili na kutamani mke wa mtu aliweza kupona. Aliyekula chakula kilichopikwa na mwanamke aliye mwezini alikwisha.

"Shukeni bote!" mkubwa wao alisema. "Vitu vyote chini! Na weye, ule wa beseni! Uko naficha masasi mule?"

"Hapana, papa."

"Toa tuone!"

Kanyere akatoa beseni. Mwezi ukainuka, ukajinyoosha, ukawaangaza wote usoni. Wapiganaji walirukia kwenye mtaro kama vyura. Mmoja aliacha bunduki yake barabarani, mwingine alijifunika uso na jani la mgomba.

"Funika!" mkubwa alipiga kelele kutoka mtaroni. "Funika, mwana wetu, dawa itakufa!"

"Ni weye umesema nitoe."

"Mwambie dereva apite! Apite na vitunguu vyake! Acheni kamba!"

Kamba ikaanguka. Ésaïe akapita polepole, akiwapungia mkono kwa adabu. Baada ya kona ya kwanza alisimamisha kamyo, akashuka, akaja nyuma na kofia mkononi.

"Mama," alisema, "kuya mbele. Kuko na kiti nzuri."

"Na moteri?"

"Moteri imekubali."

Kwa hiyo aliingia kabini, bila beseni, na mwezi ukakaa kwenye kioo cha mbele kama taa ya tatu. Vizuizi vyote vilivyofuata vilifunguliwa kabla kamyo haijafika. Abiria waliimba. Hakuna aliyenyang'anywa hata kitunguu kimoja, jambo ambalo barabara ile ilikuwa imelisahau. Nyumba za kwanza za Beni zilipoonekana, Ésaïe akakohoa.

"Sasa ufunike, mama. Tunafika kwa batu."

Kesho yake asubuhi mtihani ulifanyika katika depo ya kahawa, kwa sababu shule ilikuwa imejaa askari. Madirisha ya depo yalikuwa yamezibwa kwa mifuko ya mchanga kuzuia risasi, na mchanga huzuia mwanga pia. Jenereta lilikuwepo. Mafuta yake yalikuwa yamekwenda vitani.

Mlangoni alisimama inspekta Ilunga, mtu wa Katanga aliyetumwa huku na serikali kabla ya vita na kusahauliwa huku na serikali hiyohiyo. Alikuwa na tai iliyopigwa pasi vizuri. Mbele ya Kanyere alikuwepo msichana mwingine mwenye beseni, Marie-Jeanne, aliyetoka Mabalako kwa miguu akibeba viatu vyake ili visichakae.

"Mademoiselle, hapana," Ilunga alimwambia. "Règlement, sheria. Wenye ile hali wanabaki nyumbani. Batoto banaume hapana weza kufikiri."

"Hali gani, monsieur?"

"Ile."

Marie-Jeanne akavaa viatu vyake, kwa kuwa sasa hakukuwa na sababu ya kuvitunza, akashika njia ya kurudi. Ilunga akamgeukia Kanyere, akaangalia beseni, akatikisa kichwa vilevile. Kanyere hakurudi. Alikaa kwenye ngazi, beseni magotini, mwezi juu yake, akisikiliza mlango ukifungwa na mbuzi wa Kalunguta wakikaribia.

Ndani, karatasi ziligawanywa katika giza. Taa moja ya petroli iliwaka mbele, ikakohoa, ikafa. Ilunga akawasha kiberiti, kisha kingine, mpaka akaungua kidole.

"Monsieur l'inspecteur," ilisema sauti ya Muyisa, mvulana mmoja wa nyuma, "swali ya kwanza iko ku upande gani ya karatasi?"

"Kimya!"

"Mi minaandika, mais sijue kama ni ku meza ao ku mugongo ya mwenzangu."

Watu wakacheka. Mtu akaangusha benchi. Baada ya muda mlango ulifunguliwa, na inspekta akatoka, akasimama karibu na ngazi huku akiangalia upande wa msikiti.

"Mademoiselle, uko bado na… ile kitu?"

"Kitu gani, monsieur l'inspecteur?"

"Ile ya juu."

"Taja jina."

"Lune."

"Kwa Kiswahili. Uko ku Beni."

"Mwezi."

"Mwezi ya nini?"

Inspekta alilegeza tai. Mama mmoja aliyekuwa anauza maandazi ng'ambo ya barabara aliacha kugeuza maandazi yake ili asikie vizuri.

"Ya damu," Ilunga alisema, kwa sauti ya mtu anayeungama.

"Wasingya," Kanyere alimshukuru kwa Kinande, akasimama, akaingia.

Depo nzima ikaangazwa, mpaka majina ya wanunuzi wa kahawa yaliyochorwa ukutani zamani za Wabelgiji yakasomeka. Ilunga alimweka Kanyere kwenye benchi la katikati.

"Kaa hapa. Usisogee."

"Na karatasi yangu?"

"Weye uko taa. Hauko candidate."

Kanyere alichukua beseni, akalivaa. Giza likarudi, na kelele nalo.

"Monsieur, mumupe karatasi!" Muyisa alilia. "Niko katikati ya équation! X yangu imepotea!"

"Mumupe!" wakaitikia wengine, na wakaanza kugonga meza. Karatasi ikaletwa, na kalamu, na hata maji ya kunywa. Kanyere akatoa beseni, akainama kuandika. Alipoinama, mwezi nao ulishuka.

"Mama, inua kichwa!" watu wa nyuma walisema.

"Mungoje. Niko nafanya yangu."

Walingoja. Inspekta Ilunga naye alingoja, akiweka sawa tai yake katika mwanga ule.

Matokeo yalisomwa redioni. Kanyere alifaulu, na Muyisa pia, kwa shida. Mjane wa Kalunguta alioa mahali pengine, mbuzi wakabaki na afya. Salomon aliwaambia wageni kwamba yeye ndiye aliyesema tangu zamani mtoto huyu asome, akawamiminia kasikisi. Walisifu utamu wake, kama walivyosifu ule wa kasikisi ya Jumatatu ile. Kanyere alikuwa amepita kando ya hiyo ya Jumatatu na mwezi wake wote wazi, na haikuharibika.

"Ingeharibika namna gani?" Berthe alimwambia jikoni, akifungua fulari yake. Chini yake ulikuwa umelala mwezi mwembamba, wa zamani, mdogo kama punje ya maharagwe. "Yangu imezeeka, inaingia mu fulari. Miaka yote ni mimi nakamua. Banakunywa, banaimba."

"Na juu ya nini ulinifukuza?"

"Mama yangu alinifukuza," Berthe alisema, akafunga tena fulari, akapeleka mtungi kwa wanaume.

Mwaka uliofuata vita vilikuwa bado, mifuko ya mchanga ilikuwa bado, na inspekta Ilunga alitangaza règlement mpya. Wasichana walio mwezini wasiingie katika mtihani, isipokuwa mmoja kwa kila chumba, kwa ajili ya mwangaza. Habari ya karatasi haikutajwa.

Wakati huo Kanyere alikuwa mwalimu Oicha, katika darasa lenye dirisha moja. Beseni lake aliligeuza, likaangalia juu kama beseni la kawaida, na watoto walinawia mikono humo. Siku moja kabla ya mtihani alikuja mjumbe wa inspekta kwa pikipiki, akasimama mlangoni, akauliza mbele ya darasa zima bila kupunguza sauti, kama mtu anayeuliza bei ya chumvi:

"Mwalimu, inspekta anauliza: uko mwezini?"

"Uko nauona. Mais mimi nilishaandika yangu. Mupeleke Marie-Jeanne wa Mabalako. Labda naye iko mwezini, na hajaandika."

Mjumbe akajikuna shingo.

"Ule hapana, mwalimu. Tulianzia kwake. Aliomba karatasi kwanza, mbele ya kuingia."

"Sasa munatafuta nani?"

"Mwenye haombi," alisema, akapiga teke pikipiki yake, akaendelea na barabara kutafuta.

Mawingu ya mvua yalikuwa yameshuka kutoka msituni na darasa limeingia giza. Kanyere alipogeuka, watoto walikuwa wamekwisha kusogeza mabenchi yao chini ya mwezi, wavulana kwa wasichana, wakiwa wamefungua ukurasa.