Natsue Anajibu Kabla Hajaulizwa

7.

na hapo ndipo walipokata.

Sehemu ya ishirini na nne. Natsue anaanguka kutoka mnara wa kengele, nywele juu, mikono wazi, na kabla hajagusa chini majina ya walioitengeneza yanaanza kupanda. Wimbo. Basi. Msimu wa pili haukutengenezwa.

Mwanangu Penieli ana miaka minane na tundu kwenye moyo. Ameitazama *Kengele ya Chumvi*, katuni ya Kijapani, mara nne kwenye simu yangu, humu wodi ya watoto. Mara zote nne kaniuliza swali moja.

"Mama, aliamka?"

6.

TANGAZO KWA WAZAZI WA WATOTO WANAOFANYIWA UPASUAJI ALHAMISI

Mtoto asipewe chakula wala kinywaji kuanzia muda atakaotajiwa na muuguzi. Mzazi mmoja tu atamsindikiza, na ataishia kwenye mstari mwekundu. Simu, vitabu na vitu vya kuchezea havipiti mstari mwekundu.

(Chini yake, kwa penseli, mwandiko wa darasa la pili: *natsue je anapita*)

5.

Grupu ya wapenzi wa anime, katuni hizo, na manga, vitabu vyake vya picha, Jumatatu mchana. Niliandika:

Habarini ndugu. Maoni yangu ni haya, mnisamehe kama ni marefu. Anime imeishinda manga kwenye rangi na ile sauti ya kengele, hapo sibishani na mtu. Lakini wenye manga mnasema bibi yake Natsue ana kurasa nzima za kukaa kimya, anafua tu, na anime imezifyeka zote ili waweke mapigano. Kwa nini? Mtu anayefua huku anangoja, hayo si mapigano? Halafu naomba kujua. Natsue anaamka? Nina sababu.

Wakajibu:

— Dada umeua 😂 "anafua huku anangoja"
— Soma manga juzuu ya saba. Hatutoi siri humu.
— Sheria namba 2: ASIYESOMA ASISIMULIWE. Admini.
— Sababu gani?

Hiyo ya mwisho nilitaka kuijibu. Niliandika, nikafuta. Niliandika, nika

4.

Juzuu ya saba niliipata Jumanne kwa muuza vitabu vya mitumba. Jalada hakuna. Kurasa za mwanzo na za mwisho zimenyofoka. Namba za kurasa hazipo. Iko kwa Kiingereza, na mimi Kiingereza ninacho cha darasa la jioni, mwaka wa pili.

Maneno niliyotafuta kwenye kamusi:
pigo la moyo
shuka
tena (limetokea mara kumi na moja)
nasikia

Wewe unayesoma hapa, nikwambie ukweli. Sikuelewa. Watu wa humo wanajibu kabla hawajaulizwa. Natsue anasema "nasikia", ndipo bibi anamuuliza "unanisikia?" Nikajiambia hicho ni Kiingereza changu kibovu: Niwaeli, ulisinzia siku ya somo la nyakati. Nikaendelea, kidole chini ya neno, kama mwalimu alivyotufundisha.

Picha ya kwanza, jicho la Natsue limefunguka nusu.

Kisha limefumba.

Kisha bibi ameshika shuka nyeupe.

Picha ya mwisho, shuka imemfika Natsue juu ya kichwa.

Nikafunga kitabu.

Nikakikalia.

3.

Penieli, Jumatano, akiwa na uji mdomoni:

"Umemaliza?"

"Bado, Peni."

"Mwongo. Umekikalia."

"Kula uji."

"Sista kasema kesho wataniwekea kitu puani nilale. Kama Natsue hakuamka, mimi silali. Nitawang'ata."

"Peni!"

"Nitawang'ata wote. Na daktari."

Amecheka. Halafu hakucheka tena. Midomo yake ni ya bluu, nimeizoea, na siku nilipojua kwamba nimeizoea nililia chooni.

Nifanye nini? Nimdanganye? Huyu anajua nikidanganya. Nimwambie kweli, alale na hiyo shuka kichwani?

Nini?

2.

Kitanda cha pili yuko Bi Mwanamkasi wa Pangani, anamuuguza mjukuu wake. Kwao anafundisha watoto chuo, Kurani. Aliniona nimekipakata kile kitabu nimeinama.

"Mama Peni, nani kafa?"

"Natsue."

"Maskini. Ndugu yako?"

"Wa kwenye kitabu, Bi Mkubwa."

"Ala! Wa kwenye kitabu ndiyo unamlilia hivyo? Lete nimwone."

Akakipokea. Akakigeuza. Akakifungua kutoka upande wa kulia, bila kufikiri, kama anavyofungua juzuu zake miaka arobaini. Kiingereza hajui hata neno. Alifuata picha tu, kulia kwenda kushoto, akiguna.

"Mbona huyu hafi?"

"Bi Mkubwa, bibi yake anamfunika. Tazama shuka."

"Hamfuniki. Anamfunua."

Nikaisogelea ile picha.

"Anamfunua, mwanangu. Wewe umeanzia mwisho. Umemuua mwenyewe kwa kumshika vibaya."

Shuka usoni.
Shuka mkononi mwa bibi.
*Unanisikia?*
*Nasikia.*
Jicho, nusu.

Halafu hakuna. Zilizofuata ndizo zilizonyofoka.

1.

Alhamisi. Mstari mwekundu ni rangi tu, imepigwa sakafuni, imebanduka katikati kwa magurudumu.

Nimemsomea Peni yote, kutoka kulia, kumbe ndivyo manga inavyosomwa. Ameangalia lile jicho muda mrefu.

"Nusu," amesema.

"Nusu. Nyingine imechanika, Peni. Sijui."

Sikumdanganya. Nimeomba asiniulize tena, na hakuniuliza. Amefikiri.

"Nusu ni kuamka. Aliyelala kabisa hana nusu."

Kitanda kikavuka. Hakumng'ata mtu.

Saa tatu. Bi Mwanamkasi amenipa tasbihi yake nishike, anajua mimi Mlutheri, kanipa tu.

Saa tano.

Saa saba. Nimekaa upande wa kushoto wa mlango. Nimehamia kulia.

Saa

Mlango unafunguka. Sista ametoka, barakoa bado iko usoni, siuoni mdomo wake. Ananitafuta kwa macho. Amenipata. Anavuta pumzi aseme.

"Ameamka," namjibu.