Kiraka Kilichobisha Hodi Mlango wa Zamani

Msimamizi wa mradi wa programu huria, ile ambayo yeyote anaweza kuirekebisha, aliandika kwa ufupi: "Kiraka hiki hakishiki tena. Tukifunge."

Dada wa aliyekituma akausoma ujumbe huo, akapandwa na hasira. Mdogo wake ndiye aliyetuma kiraka hicho, yaani marekebisho madogo ya programu, kwa moyo mweupe, ili programu ya kuchapisha iache kumeza mstari wa mwisho wa kila ukurasa. Wakubwa wa mradi wakayalalia hadi programu yenyewe ikabadilika.

"Tukifunge? Na kosa je, limejirekebisha lenyewe?" akaifokea kompyuta.

Alijaribu kukiingiza kwa nguvu, kikagoma. Ndipo akaacha ubishi, akasoma kilitaka kufanya nini. Kumbe mistari ya programu kiliyoitafuta ilishahamia faili jingine. Kiraka kilikuwa kinabisha hodi kwenye nyumba tupu! Akakihamisha kwa mkono, kisha akachapisha ukurasa. Mstari wa mwisho ukatoka, mweusi ti! Akakituma upya.

Msimamizi akajibu: "Kimeingia. Hongera! Tuandike jina lako?"

"Andikeni la mdogo wangu. Mimi nimekionyesha mlango tu."

Punde si punde, sufuria ikaanguka jikoni. Mdogo mtu alikuwa ameiona habari kwenye simu, na sasa anacheza kwa furaha, povu la sabuni hadi viwikoni.