Kiapo cha Tatu cha Baba

...na mguu wa kushoto ni mfupi kuliko wa kulia kwa sentimita moja na nusu, tangu goti lilipopigwa risasi vitani mwaka arobaini na tatu, kwa hiyo upindo lazima upande huku na ushuke kule, na Baba amesimama juu ya kigoda katikati ya jikoni ndani ya suruali ya jeshi jipya, nami nimepiga magoti miguuni pake na pini mdomoni, na ni afadhali ziwepo, kwa sababu ameshaniuliza na mwenye pini mdomoni halazimiki kujibu. "Traudel, wewe ndiye unayekumbuka kila kitu katika nyumba hii. Niende, nisiende?" Kesho saa mbili asubuhi anatakiwa kambini... na Mama anakata keki ya tufaha, anacheka, "Mtoto ana pini mdomoni, Ruprecht, unataka azimeze? Na usiyumbe kama bibi harusi. Jeshi gani hili jamani, wamekufanya bawabu wa hoteli, nikupe na masanduku yangu uyapandishe?" "Bawabu mwenye cheo cha kapteni, Hedwig." "Basi Bwana Kapteni, shusha mabega"... Bwana Kapteni, ndivyo nilivyomwamkia mimi nilipokuwa na miaka sita, alipokuja likizo, kwa sababu sikumjua, na buti zake zilinuka moshi wa treni, akacheka, kisha akaenda kusimama dirishani muda mrefu mno... aliyerudi mwaka arobaini na nane kutoka kifungoni Urusi alikuwa mtu mwingine, kilo arobaini na tisa, na huyo nilimpenda papo hapo, kwa sababu aliomba ruhusa kabla ya kukaa kwenye kiti chake mwenyewe, na mzee Nolting akampa kazi katika duka lake la mbegu, naye akazipanga droo kama gwaride, figili mbele, karoti nyuma, maharage ubavuni, na kwa miaka minane amerudi saa kumi na mbili na robo jioni na mbegu za saladi kwenye mikunjo ya chini ya suruali, Mama anazikung'uta dirishani, mwaka mmoja saladi ikaota kwenye mfereji wa paa, tukaila... suruali hii haina mikunjo. "Ni kiapo cha tatu sasa," anasema huko juu, haoni aibu kusema, anahesabu tu, "nikiwa na miaka kumi na tisa niliapa kwa katiba, mwaka thelathini na nne wakatupanga uwanjani tukaapishwa kwa mtu mmoja, yule mtawala mwenyewe, si kwa nchi, na sasa ni kwa taifa na haki zake. Nimefanya mazoezi kule dukani, mzee Nolting akadhani nazungumza na vitunguu." "Mimi uliniapia mara moja tu," anasema Mama, "na hicho ndicho pekee ulichokitimiza," naye anacheka hadi upindo unanitoka vidoleni, mmm, naguna, tulia, Baba... miaka minne iliyopita, kwenye stoo ya duka, akipima njegere, aliniambia bila kuniangalia, "Agosti ya mwaka arobaini na moja ilikuja karatasi ya amri kutoka makao makuu. Niliisoma, nikatia sahihi, nikaipitisha kwa vikosi vya mbele," kisha akasema gramu mia mbili hamsini na kufunga mfuko, nami siku hiyohiyo niliandika kwenye daftari langu tarehe, njegere, mvua, sahihi, nikaipitisha, nikajisifu kwamba sikuacha neno... "Kwenye usaili wa jeshi niliwaambia," anasema, sauti imeshuka, "kuhusu ile karatasi ya Agosti." Kisu cha Mama kimesimama. "Wakasemaje?" "Mmoja aliandika. Mwingine akasema wengi waliipitisha, Bwana Wendelborn, akaniuliza kama goti linanisumbua nikipanda ngazi." "Ukamwambiaje?" "Nikamwambia linanisumbua"... kumbe ni hivyo tu, goti, mimi nilikuwa nimeandaa majibu mawili, usiende, kwa kuwa nampenda yule mtu wa mbegu, au nenda, kwa kuwa tangu barua ya jeshi ifike anapiga mluzi akinyoa ndevu, lakini huyu haniulizi habari za kambi, ile karatasi amewapelekea watu wazima wenye kalamu wakaigeuza kuwa habari ya ngazi, sasa ameniletea mimi, na mimi je, mimi niliyemtafuta mkunga anitajie saa niliyozaliwa, miaka minne sikuuliza karatasi iliandikwa nini, niliandika hata mvua, na karatasi ikipitishwa inafika kwa mtu, kuna watu kule mwisho ilikofika, wenye majiko na keki zao, nami sikuuliza kwa sababu stoo siku ile aliniwekea mkono kichwani na sikutaka autoe... "Traudel?" anasema, na mkono unashuka kichwani pangu, anautumia kujishikilia asianguke, mzito, una joto, unanuka kitunguu hata Jumapili, sitausogeza... "Kahawa inapoa," anasema Mama, haijapoa, naona mvuke... sitamwambia aende wala asiende, nitazitoa hizi pini na kumuuliza iliandikwa nini, Baba, na iliwafikia akina nani, kwa sauti ileile ninayomwitia chakula, maana ni baba yangu, na kama kuna mtu wa kumuuliza hadi mwisho, nataka awe anayempenda.