Kifua cha Mama Mako

Mwaka 1984, mifereji ya mtaa wetu wa Wabera ilipokauka, Dahir alirudi nyumbani kutoka chuo kikuu akiwa na mtambo wa kupasua maji. Aliuweka uani, akatandaza paneli za jua juu ya mabati. Kila asubuhi dada yake Deqa alipanga foleni kisimani na kumletea debe moja, nao mtambo uliligeuza kuwa haidrojeni, gesi nyepesi kuliko hewa, ambayo Dahir alikuwa akiifanyia utafiti wa shahada ya uzamivu. Mama yao, Mama Mako, alipika chai kwa maji yaliyobaki, na mara nyingi hayakubaki.

Kuipata gesi haikuwa kazi. Kazi ilikuwa kuihifadhi, kwa sababu mitungi ya chuma ilivuja. Kisha siku moja Mama Mako aliketi karibu na mtambo, akaivuta gesi hiyo, nayo haikutoka. Alikuwa amefukiza vibuyu vya maziwa tangu utotoni, na moshi ulikuwa umemziba kifua kama unavyoziba kibuyu. Miguu yake iliachana na ardhi. Deqa alimfunga kamba ya ngamia kiunoni, akamalizia kufagia.

Dahir alifurahi kupita kiasi. Akampa mamake mpira wa mtambo aunyonye.

“Hooyo, ni siku kidogo tu. Thesis ikipita, nitakutoa hiyo hewa yote.”

“Sawa, mwanangu. Lakini mimi nataka kusujudu. Uso haufiki chini.”

Hakutaka kingine. Kila swala Deqa alimwekea jiwe la kusagia mgongoni, hadi jiwe nalo likawa jepesi. Majirani walimtolea salamu wakiinua shingo. Dahir alipogundua kwamba chakula kinakula nafasi ya gesi, alipunguza uji wa mama, halafu akaukata kabisa. Deqa alimchukia kwa hilo, na bado aliendelea kumchotea maji.

Profesa wake alikuja, akasoma geji ya kupimia gesi iliyoning'inia shingoni mwa mama, akampa Dahir mkono, akaondoka. Thesis ikapita. Mama alipokumbusha ahadi, Dahir alisema sasa wakubwa wa chuo wanataka kujua gesi hukaa muda gani.

Mama Mako alikufa hewani, akitazama chini. Wanaume walimzika na kurundika mawe, kisha wakaongeza mengine, maana udongo ulikuwa unainuka. Dahir alikataa gesi itolewe. Alipenyeza mpira katikati ya mawe, akafunga geji.

Watu walipoacha kuja kutoa pole, alirudi kutoka makaburini akitabasamu.

“Haijavuja hata kidogo,” alisema. Akamtazama dada yake, aliyekuwa akitikisa makaa ndani ya kibuyu. “Deqa, wewe ulianza kufukiza ukiwa mkubwa aje?”

“Nilikuwa bado sijaingia shule.”

Dahir akaenda kutafuta kamba. Deqa alikiweka kibuyu chini, akatayamamu kwa mchanga, kwa kuwa maji yote yalikuwa mtamboni, na kuingia ndani kuswali. Aliposujudu, aliuacha uso wake pale chini, wala hakuwa na haraka ya kuuinua.