Maiti ya Mazoezi

Jua la Lodwar lilipoyeyusha miguu ya sanamu ya mazoezi, darasa la uchunguzi wa jinai lilimtumia Koang. Alikuja mwenyewe kutoka Kakuma, alikozikwa Januari, akajilaza kifudifudi mchangani nyuma ya maabara. Mwalimu Lomunokol alisema sawa, mradi asiwasumbue wanafunzi.

Nyariek, dada yake Koang, alisimama mbele kabisa. Alijiunga na kozi hii kwa sababu moja tu. Ripoti iliyosema kaka yake alikufa maji katika laga ya Tarach, mto wa msimu, ilitiwa sahihi na Lomunokol, ambaye pia ni mpelelezi, na Nyariek alitaka aimeze sahihi hiyo mbele ya watu. Alimchukia mpaka chai ikamkataa.

"Hapa hatukariri," mwalimu alisema. "Mimi sijibu kitu. Guseni, ulizeni, bishaneni. Huyu amekufaje?" Alifundisha vizuri, mshenzi yule.

Ekwam alisema ameanguka. Wenzake wakamkatalia: mtu akianguka hutanguliza mikono, na viganja vya Koang havikuwa na mchubuko. Apua, binti wa wafugaji wa Nakalale, akachuchumaa, akapapasa kisogo.

"Hii ni rungu, mwalimu. Ona mfupa imeingia ndani."

"Na kama alikufa maji?" Nyariek aliuliza taratibu.

Koang alikohoa kwa adabu. Likatoka vumbi.

"Maji ya wapi!" Apua akacheka. "Tarach mwezi wa kwanza ni mchanga tupu. Watu wanachimba ndani ndio wanyweshe mbuzi. Aliandika hiyo nani, wallahi?"

Darasa zima likaangua kicheko. Nyariek hakucheka. "Mwambie, mwalimu."

Lomunokol alijifuta jasho. "Ni mimi. Niliandika nikiwa ofisini, sikufika Kakuma. Aliyempiga ni mlinzi wa kambi, na mlinzi ana watu wake." Akawageukia wanafunzi. "Hoja zenu ni nzuri. Wote mmepita."

"Na ripoti?"

"Ilishafungwa, binti yangu."

"Mimi si binti yako."

Jioni Koang alimfuata mwalimu nyumbani. Mke wa Lomunokol alimtandikia mkeka sebuleni, na tangu hapo analala hapo, akikohoa kila mwenye nyumba anaponyanyua kikombe. Mwalimu amekonda, suruali anaishikilia kwa mkono. Nyariek humwona darasani, roho yake ikaburudika, lakini mpaka mchana tu.

Kule Kakuma, mlinzi amepandishwa cheo. Ana buti mpya na rungu ileile.