Majivu Chini ya Bomba

Feni ya ukutani ilikuwa na wimbo mmoja tu, vuuu, usiku na mchana. Alfajiri ile, kabla jogoo hajawika, Atupele aliisikia ikikohoa: vu-kh, vu-kh. Akanyoosha mkono gizani, akapapasa kifua cha mwanawe Lusajo. Kilikuwa kinapanda na kushuka vizuri.

Akawasha tochi ya simu, akamulika kipimo cha radoni juu ya kabati. Mia tatu na kumi.

"Baba Lusajo, amka. Imepanda tena."

Danford akajigeuza. "Labda kipimo kimechoka."

"Wiki iliyopita kilisoma sitini. Kichoke leo?"

Gesi ya radoni haina harufu wala rangi. Hutoka ardhini, hupenya kwenye nyufa za sakafu, na kwa vile huku kijijini Hasamba watu hufunga madirisha kwa baridi, hujikusanya ndani na kuharibu mapafu taratibu, miaka na miaka. Watu wa utafiti ndio walioitoboa sakafu na kuweka bomba lenye feni ya kuivuta na kuitema nje, juu ya bati. Atupele aliyaelewa hayo barabara. Alimaliza kidato cha nne kwa masomo ya jioni, Lusajo akiwa mgongoni. Mama mkwe wake, Tabita, ndiye aliyeguna tangu siku ya kwanza: "Nyumba inatobolewa tumbo, na nyie mnapata usingizi?"

Kulipopambazuka Atupele alizunguka nyuma. Chini ya bomba palikuwa na majivu. Mapya, yametiririka mpaka kwenye ngazi ya kihenge cha mahindi kilichosimama ubavuni mwa nyumba. Akajiuliza: Nani anamwaga majivu penye pumzi ya mwanangu?

Akampigia fundi Brayan.

"Feni ni nzima, dada, kama inazunguka," fundi alisema. "Kuna kitu kimeikaba koo huko juu."

Mara Tabita akatokea, anajifuta viganja kwenye kitenge. Viganja vyeupe.

"Shikamoo, mama. Majivu haya ya nini?"

"Marahaba. Majivu ni majivu. Tangu mvunje jiko langu la kuni mlete la gesi, hata majivu nakwenda kuomba kwa jirani."

"Ya kufanyia nini, mama? Nauliza kwa heshima."

"Heshima gani yenye macho makali hivyo?"

Danford alikuwa amefika mlangoni. Atupele hakumtazama. "Napanda gari la Isongole leo. Mtoto atakaa kwa mama yangu mpaka nijue nani anatuchezea. Begi nimeshafunga."

Tabita akamwangalia mwanawe, yuleyule aliyeapa kwamba mwaka huu shambani hazitaingia mbegu za kizamani, ni za dukani tu.

"Sema, mama," Danford akamhimiza.

Vu-kh, ilikohoa feni.

Lusajo alikuwa ameshapanda vidato vitatu vya ngazi ya kihenge, miguu mitupu, shingo kaikunja kutazama juu ya bati, pale kifuko cha kitambaa kilipojaa upepo na kufunika mdomo wa bomba.

"Bibi amezipaka majivu mbegu zake, akazitundika kwenye bomba kwa sababu jikoni hakuna tena moshi wa kufukuza wadudu."