Mstari Mweupe Juu ya Mtaa

Ufa wa jikoni ndio uliomwambia mama mmoja kwamba kilima chenye mtaa wao kinatembea. Alichora mstari wa penseli kukatiza ufa ule, na kila asubuhi, hata chai hajainjika, alikwenda kuutazama kama anayemjulia hali mgonjwa.

Binti yake alifanya kazi kwenye ofisi ya kupima ardhi. Huko walitazama picha za rada ya satelaiti. Chombo hicho hupita juu kila baada ya siku kumi na mbili, kinatuma mawimbi ya redio chini, kinasikiliza yakirudi. Ardhi ikisogea hata upana wa kidole, picha inaonyesha.

"Sasa kilima chetu kinasemaje?" mama alimuuliza kwenye simu.

"Hakisemi kitu, mama. Kwenye picha mtaa wetu umefunikwa na mstari mweupe. Kuna mitambo ya redio huko inapiga kelele, satelaiti haisikii. Na bila picha safi, bosi hasaini amri ya watu kuhama."

"Mitambo ya nani?"

"Muulize mwanao."

Mwanawe wa kiume, mtaa mzima ukimwita Mnara, ndiye aliyefunga antena za intaneti juu ya mabati ya nyumba kumi na moja, akaziongezea nguvu kuliko inavyoruhusiwa ili zifike mpaka bondeni. Alipoulizwa alicheka mpaka akapaliwa na chai.

"Yaani kidude changu kile kiizibe masikio satelaiti? Basi nipewe cheo!"

"Cheka tu. Ukuta ukikuangukia utachekea wapi?"

Mnara akakitua kikombe.

Jioni ya kuamkia siku ya satelaiti kupita, mama alizunguka nyumba zote kumi na moja akibembeleza. "Kesho saa kumi na mbili asubuhi zimeni umeme, wanangu, antena zilale. Nusu saa tu." Jirani mmoja akamuuliza kama satelaiti inakuja kuposa. Lakini walizima, wote. Hata redio ya fundi viatu ilikaa kimya. Mama alisimama uani, macho juu, roho mkononi.

Saa nne simu ikalia.

"Mama, mstari uko palepale."

"Haiwezekani! Tumezima mtaa mzima!"

Mnara alikuwa mlangoni. Uso ukamshuka. "Betri," alisema. "Nilizifungia betri, umeme ukikatika watu wasikose intaneti. Nyumba zimezimika, mama. Antena hazikuzimika."

Enyi wenye vidude juu ya mabati, sikieni hapo. Aliyezifunga kwa mikono yake mwenyewe alisahau.

Mnara akachukua ngazi akaanza kuzing'oa antena zake. Alipofika ya sita, mvua ikashuka, ile ya kupiga bati mpaka watu hawasikilizani. Mama akajitanda khanga kichwani, akarudi kwa majirani.

"Tutokeni, jamani. Tusingoje."

"Barua ya ofisi iko wapi, mama? Kungekuwa na hatari wangesema."

Barua hakuwa nayo. Akampigia binti yake. "Huko mmeandika nini kuhusu sisi?"

"Tumeandika ardhi haionekani, mama." Sauti ilikuwa ya kulia. "Siku kumi na mbili tena."

Mama akaingia jikoni. Mstari wake wa penseli ulikuwa umekatika vipande viwili, kimoja juu, kingine chini, upana wa kidole kizima kati yavyo. Akaitafuta penseli, akachora mwingine.